Barazani kwa Jamaa: Mbegu Hutengwa Kwanza

Mwezi huu nalikusudia kuandika habari za usafi wa visima, kama nilivyoahidi, lakini limetokea neno hapa kwetu Nyakitonto lililonizuia, nami naona yafaa visima vingoje.

Jioni ya Jumatatu, mwishoni mwa Septemba, wakati udongo ungali mkavu na watu wanasafisha mashamba wakingojea mvua ya kwanza, alikuja nyumbani kwangu mama mmoja wa kanisa letu, mtoto mgongoni. Aliniamkia, akaketi mkekani, akakaa kimya kitambo kirefu, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye neno zito. Kisha akasema:

"Baba Mwalimu, baba wa watoto wangu anaondoka Alhamisi. Amekuja mtu kutoka Kaliua, anatafuta vijana wa kulima tumbaku, nao wameahidiwa shilingi 700,000 kwa msimu. Nalimwambia, Ngoja kwanza tulime. Akajibu, Kwanza fedha. Kulima utalima wewe. Nikamwambia, Na Kipaimara cha binti yetu, nawe umekuwa hushiriki Meza ya Bwana tangu Pasaka? Akasema, Mungu hana haraka. Mwenye duka ndiye mwenye haraka. Basi nimekuja kukuuliza, je, mtu akisema hivi amemkana Mungu, au ni mimi nisiyefahamu mambo ya fedha?"

Sikumjibu mara moja. Nalimwomba mke wangu amletee uji, kwa kuwa mwenye njaa hasikii shauri, tena mimi mwenyewe nalitaka nafasi ya kufikiri. Nyumba ile naijua. Si nyumba ya ulevi, wala si ya watu wasiosali. Mume ni fundi wa matofali, mtu wa mikono mizuri, naye ameimba sauti ya nne kanisani tangu ujana wake. Deni lake ni la mabati kumi na manane aliyokopa ili watoto wasinyeshewe, na mwenye duka humdai njiani mbele ya watu. Mwanamume akidaiwa njiani mbele ya watu, hata sala yake hupungua nguvu. Basi mtu asidhani kwamba naandika haya ili kumhukumu.

Shauri la mama yule si jipya katika nchi ya Buha. Wazee wetu wa zamani nao walikwenda mbali kutafuta. Huko Uvinza, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi hukutana na Malagarasi, zipo chemchemi za maji ya chumvi, nazo zilijulikana tangu zamani sana, kabla Mzungu wa kwanza hajafika. Watu wa makabila mengi walikwenda huko wakati wa kiangazi, wakajenga vibanda, wakachemsha yale maji hata chumvi ikabaki chunguni, wakafunga mizigo yao, wakarudi makwao. Lakini angalieni: kazi ile ilikuwa na mpaka wake, na mpaka ulikuwa mvua. Mvua ikinyesha mito hufurika na kuzifunika chemchemi, na wakati uo huo shamba la nyumbani humwita mwenyewe. Mtu hakuhitaji hekima nyingi ili ajue lililo la kwanza, majira yalimpangia.

Mambo yaligeuka ilipokuja kazi isiyo na majira. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Hindorf, alileta miche ya mkonge katika nchi hii, nayo miche iliyofika ikiwa hai haikuzidi 62. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba makubwa ya Tanga na Korogwe na Morogoro. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Kisha Serikali ya kikoloni ikataka kodi, nayo si kwa maharage wala kwa majembe, ila kwa fedha, na fedha haikuwako Buha. Hata mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha chama chao cha kutafuta watu wa kazi, kilichoitwa SILABU, nacho kikaja mpaka kwetu huku juu kuandika vijana. Walioandikwa walipewa namba, na kwa ajili ya namba hizo wakaitwa manamba. Katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo yuko mzee aliyepata kuwa namba, au kaburi lake liko Tanga na jamaa zake hawajui ni wapi.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alibatizwa mwaka 1949, akaoa katika kanisa, na mwaka 1952, nami nikingali tumboni mwa mama yangu, akaandikwa. Aliaga akisema ni kwa mkataba mmoja tu: atapata kodi, na bei ya ng'ombe, na blanketi la mama. Akapanda gari la moshi Kigoma, kisha lori, hata Korogwe. Akarudi mwaka 1961.

Alipokuwa mzee alinieleza jambo moja ambalo sijalisikia kwa mwingine. Huko mashambani, alisema, mtu hakulipwa kwa mwezi wa kalenda, bali kwa kipande. Kipande ni karatasi yenye siku thelathini za kazi, na kila ukimaliza kazi ya siku huandikwa alama moja. Zikitimia thelathini, ndipo unapata mshahara. Muda wa kuzitimiza ni siku arobaini na mbili. Ukiugua, hakuna alama. Ukimzika mwenzako, hakuna alama. Na siku ya Jumapili hakuna alama. "Mwaka wa kwanza," akasema, "nalikwenda kusali kila Jumapili, maana kanisa lilikuwako. Mwaka wa pili nalianza kuiona Jumapili kama siku tupu, kwa kuwa haimo katika kipande. Mwaka wa tatu nikawa nalala mchana kutwa. Hakuna mtu aliyenikataza kusali, mwanangu. Mnyapara wetu mwenyewe alikuwa Mkristo. Ni ile karatasi tu. Ilinifundisha kuhesabu, na vitu vyote isivyovihesabu nikavisahau." Na katika vitu hivyo, alisema, alikuwamo mama yangu, nami nilimokuwamo, ambaye hakupata kuniona.

Siku aliyorudi nalikuwa na miaka tisa. Nalimkuta uani amekalia sanduku lake la bati, nikamwamkia kama mgeni, nikakimbia kumwambia mama kwamba yuko mtu anataka maji. Alileta bei ya ng'ombe wawili. Akawanunua, wakazaa, tukanywa maziwa. Sitasema kwamba safari yake haikuwa na faida, maana nalisomeshwa kwa ng'ombe wale. Lakini mpaka kufa kwake hakupata kunipiga wala kunikemea. Mama alimwuliza sababu, akajibu kwamba hakuona kama ana haki.

Nalimweleza yule mama habari hizi, naye akauliza swali la akili: "Lakini baba yako alilazimishwa na kodi. Sisi twalazimishwa na nini?"

Kweli, kodi ya kichwa haiko tena. Hata ile iliyoitwa kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. SILABU imekufa zamani. Ada ya shule za sekondari za Serikali, hata kidato cha nne, iliondolewa mwaka 2016, ingawa sare na madaftari na chakula bado vinatafutwa kwa jasho. Hakuna askari anayemfukuza mtu wa Nyakitonto aende Kaliua au Urambo. Lakini kipande kiko, ila sasa twajiandikia wenyewe. Jirani ameezeka bati, nasi bati. Jirani amemwozesha binti kwa karamu ya ng'ombe watatu, nasi watatu, ingawa hatunao. Mtu hununua simu ya kuonyesha picha, naye chandarua cha mtoto kimetoboka. Sisemi bati ni dhambi. Mimi mwenyewe nalala chini ya bati, nami namshukuru Mungu kila mvua inyeshapo. Nasema tu kwamba mambo hayo yana sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa hutangulizwa.

Someni katika Luka, mlango wa 14, habari za mtu aliyeandaa karamu kubwa, na walioalikwa wakatoa udhuru. Mmoja alikuwa na shamba, wa pili ana ng'ombe wa kulimia, wa tatu ameoa mke. Nimesoma mahali pengi watu wakifafanua mfano huu, nao huwafanya wale watatu kuwa wapumbavu. Mimi sioni hivyo. Shamba, ng'ombe, na mke: ni kitu gani kingine anachokitafuta Mha tangu kuzaliwa? Hakuna hata mmoja aliyesema, Nakwenda kuiba. Wote watatu walikuwa na jambo jema mkononi, na jambo jema ndilo lililowafungia mlango. Ubaya twaujua, nasi huukimbia mara nyingine. Lakini ni nani atakayelikimbia shamba lake?

Wazee watakumbuka pia habari za bugabire walizosimuliwa na baba zao. Mtu asiye na ng'ombe alikwenda kwa mwenye nao, akapewa mmoja, akanywa maziwa na kupata mbolea ya migomba yake. Lakini kwa ajili ya ng'ombe yule akawa mtu wa bwana yule. Alimpelekea pombe, akamjengea ua, akaitika alipoitwa, hata kama siku hiyo alikuwa na kazi yake mwenyewe. Basi siku ile si ng'ombe peke yake aliyeingia bomani. Bwana naye aliingia. Kwa hiyo Bwana Yesu anapofundisha, katika Mathayo mlango wa 6, kwamba haiwezekani kuwatumikia mabwana wawili, watu wa Buha hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza. Kila kitu unachokipokea, uliza kwanza ni nani anayeingia pamoja nacho. Mabati kumi na manane ya rafiki yetu yaliingia pamoja na mwenye duka, na sasa mwenye duka yumo katika sala yake ya jioni.

Wengi wetu tuliolelewa katika Uamsho twamjua Simeoni Nsibambi wa Buganda kwa jina. Alikuwa na kazi ya Serikali, katika mambo ya afya, huko Kampala. Tena alitamani sana kupelekwa ng'ambo kusoma, asipelekwe, na jambo hilo lilimwuma, hata alipofahamishwa moyoni kwamba uzima wa milele aliokwisha kupewa wapita elimu ile aliyonyimwa. Mwaka 1929 alikutana na Dakta Joe Church wa Gahini kilimani Namirembe, wakafungua Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka iliyofuata moto ukaenea Ruanda na Uganda na Urundi, hata ukavuka kuja kwetu. Nsibambi aliiacha kazi yake ya mshahara ili ahubiri. Hilo watu hulipenda kulisimulia. Lakini wasimuliaji wetu husahau kwamba hakuiacha nyumba yake. Alikaa Kampala na mkewe na watoto wao wengi, na mmoja wa watoto hao, Apolo Nsibambi, akawa Waziri Mkuu wa Uganda tangu mwaka 1999 hata 2011.

Nimelitaja kwa sababu yako kosa jingine, nalo ni letu sisi watu wa kanisa, wala sipendi kulipita kimya huku nikimsema fundi wa matofali. Tukisema Mungu ni wa kwanza, mara nyingi tuna maana kwamba mkutano ni wa kwanza. Mzee wa kanisa hulala nje siku nne kwa semina, na mkewe hana kuni. Mweka hazina huhesabu sadaka hata usiku wa manane, na mtoto wake amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa daftari. Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo kwa jambo hili hili, katika Marko mlango wa 7: walikuwa wakimwekea Mungu wakfu mali iliyowapasa wazazi wao, nao wakijiona watakatifu. Na Mtume Paulo amwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Neno hilo halisomwi sana katika semina zetu.

Nami nalifanya kosa hilo. Mwaka 1984 tulikuwa tukijenga nyumba ya kanisa, nami nalikuwa msimamizi. Mwanangu wa pili alipata homa, shingo ikakakamaa. Mama yake alimtuma mtoto kuniita saa tatu asubuhi. Nalimwambia, Mwambie nakuja, tumalize mstari huu. Tukamaliza mstari, kisha udongo uliokwisha kukorogwa ukanitia huruma, nikaanza mstari mwingine. Nalifika nyumbani saa tisa. Tulimchukua kwa baiskeli hata hospitali, naye akapona uti wa mgongo, ila masikio hayakupona. Leo ni mwanamume mwenye watoto wake, fundi wa viti, mtu mchangamfu kuliko mimi. Kanisa lile lingaliko, nalo ni zuri. Kila Jumapili naketi mahali nionapo mistari ile miwili ya matofali, na mwanangu huketi karibu nami, asisikie wimbo.

Kwa hiyo mama yule aliponiuliza kama mumewe amemkana Mungu, nalijibu kwamba sijui, lakini hajafanya jambo nisilolifanya mimi. Yeye alisema Mungu hana haraka. Mimi nalisema mtoto hana haraka.

Basi tutajuaje lililo la kwanza? Wengine wameniambia tupange orodha: Mungu, kisha mke au mume, kisha watoto, kisha kazi, kisha kanisa na jirani. Orodha ni nzuri kwa kufundishia watoto wa Kipaimara, lakini sijaona nyumba inayokwenda kwa orodha. Asubuhi moja mtoto huwa mbele ya vyote, na asubuhi ya pili ni jirani aliyefiwa, na kwa yote mawili Mungu ndiye wa kwanza, kwa kuwa yeye hakai katika safu pamoja na mke na jembe, akingoja zamu yake.

Mimi nalifundishwa na mama yangu, ambaye hakujua kusoma. Maharage yakiisha kuvunwa na kupepetwa, kabla hajapika hata chungu kimoja, alikaa uani na ungo, akachagua punje moja moja zilizo nzuri, nzima, zisizo na kidonda, akazichanganya na majivu, akazitia chunguni, akafunika. Hiyo ndiyo mbegu. Mahindi aliyafunga juu ya moshi wa jiko. Kisha ndipo tukala. Hata mwaka wa njaa, ambapo tulikula mizizi, chungu kile hakikufunguliwa, nasi watoto tulikijua mahali kilipo. Hakupata kutuambia kwamba mbegu ni ya kwanza. Aliitenga kwanza, akachagua iliyo njema, akaificha tusiione kila siku. Kama angalingoja kutenga katika mabaki, mwaka ule tusingalikuwa na kitu cha kupanda.

Hebu tujiulize wenyewe kuhusu sikukuu ya mavuno. Nimesimama miaka mingi mbele ya madhabahu nikipokea malimbuko, nami nayajua maharage yenu, ndugu zangu. Nayajua yaliyotoboka na wadudu. Kuku anayeletwa ni yule asiyetaga. Mnadani watu hucheka, nami hucheka pamoja nao, lakini mama yangu asingaliyapanda maharage yale. Na kama ndivyo tulivyo kwa vitu vinavyoonekana, je, saa zetu zikoje? Sala ya nyumbani hufanywa wakati watoto wamekwisha kusinzia. Maneno mazuri twayapeleka barazani na kilabuni na mkutanoni, tukirudi nyumbani mke hupata mabaki. Mtu asiniambie kwamba hana saa. Hata mwenye dakika kumi aweza kuzitenga asubuhi, kabla jembe halijatoka, mume na mke na watoto, wakasoma mistari michache na kuulizana, Leo ni nani aliye mgonjwa, leo twadaiwa na nani. Nasema kuulizana madeni pia, maana nyumba nyingi mke hulijua deni siku mwenye duka anapolitangaza.

Tena fedha. Zikiingia, toeni kwanza mbegu yake: sadaka, na chakula cha miezi mpaka mavuno, na fedha ya dawa. Zitengwe siku ile ile, na wote wawili wajue ziliko. Yatakayobaki yaende dukani na kwenye bati na karamu. Wengi hufanya kinyume, kisha humwuliza Mungu sababu ya kukosa dawa.

Jumatano jioni mume mwenyewe alikuja. Mkewe alikuwa amemwambia, naye alikuja na uso wa ugomvi, ila adabu haikumwacha. Aliniamkia vizuri, akaketi chini kuliko mimi. Sikumhubiri. Nalimletea kikombe cha maharage mabichi, nikamwambia, "Mwanangu, nipangie hapa chini miezi utakayokuwa huko." Akapanga punje tisa, tangu Oktoba mpaka Juni, kwa sababu tumbaku huanzia kitaluni, ikapandwa shambani wakati wa mvua, ikavunwa, ikakaushwa mabanini, kisha hungoja soko, na fedha ya kibarua hutoka mzigo ukiisha kuuzwa. Nikamwambia, "Sasa, chini ya kila mwezi, niambie ni kitu gani hapa kwako kitakachokufa usipokuwapo, na kipi kitakachongoja."

Alitazama punje zile kwa muda. Oktoba na Novemba ni kupanda. Mke mwenye mtoto mgongoni atapanda nusu ya shamba, na nusu nyingine itakuwa majani. Januari ni mavuno ya maharage ya kwanza, na mara baada yake ni kupanda ya pili. Machi ni Kipaimara cha binti. Mwezi wa Mei, akasema kwa sauti ya chini, mke atajifungua. Jambo hilo hata mimi sikulijua, na mama yule hakulitaja.

"Na mwenye duka?" nikamwuliza.

"Yeye angeweza kungoja," akasema, "lakini hataki."

"Umemwuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Alikuwa akipita njia ya nyuma ya shule miezi mitatu ili wasikutane.

Asubuhi ya Alhamisi tulikwenda wote wawili. Mwenye duka si wa dini yetu. Ni Mwislamu, na jamaa zake ni watu wa Ujiji. Alitupa viti, akamtuma kijana alete kahawa, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba neno lililomkasirisha si deni, ila kukimbiwa, maana mtu akikukimbia huonyesha kwamba hataki kulipa. Wakapatana: gunia mbili za maharage mwezi wa Januari kwa bei ya siku hiyo, na matofali ya ukuta wa ghala yake wakati wa kiangazi. Wakaandika karatasi, nami nikatia sahihi kuwa shahidi. Nalimshukuru, akasema nisimshukuru kabla ya Januari.

Gari la Kaliua lilipita saa nne, tukiwa tungali dukani. Vijana sita wa kijiji chetu walikuwamo, na mmoja wao alimwita rafiki yetu kwa jina na kumpungia mkono. Alisimama mlangoni akalitazama hata vumbi likatulia barabarani. Hakusema neno, wala mimi sikumwuliza.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa tarehe 9 Oktoba. Nalipita shambani kwao siku mbili baadaye, nikawakuta wote wawili wamekwisha kupanda mpaka kwenye mgomba mkubwa, binti akiwafuata na ungo wa mbegu. Deni lingaliko. Bei ya maharage ya Januari hakuna aijuaye, na ukuta wa ghala haujaanza. Wale sita waliokwenda tuwaombee kwa majina yao kila jioni, pamoja na wake zao waliobaki. Wake wawili kati yao wanahitaji watu wa kuwasaidia kulima kabla ya mwezi kwisha. Watakaojitolea waje kwangu Jumamosi na majembe yao, saa moja asubuhi.

Habari za visima nitazileta mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi nduguyenu katika Bwana,
Mwalimu wenu wa Nyakitonto.